Nilivyoandaa Uso wa Kampuni

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusimama. Chef, yaani mkubwa, wa studio ya picha, mwanamume mnene aliyefunga tai hata Jumamosi, alinionyesha alama ya chokaa sakafuni akasema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, "Weye utasimama pale. Usicheke, usikohoe. Mi niko natafuta mwangaza, siko natafuta weye." Katika kazi yetu mtu huyo anaitwa doublure. Anasimama mahali atakaposimama mteja, taa zinapangwa juu yake, ili mteja akifika asichoke wala asitoe jasho. Nilisimama asubuhi nzima. Kisha mke wa daktari mmoja akaja, akakaa palepale, akapigwa picha, akaondoka bila kujua kwamba kulikuwa na mtu kabla yake.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Baba, fundi wa reli, alikuwa amemfuata mama kaburini mwaka uleule, na kati ya watoto watano mimi ndiye wa kwanza. Niliacha shule katikati ya muhula ili wadogo zangu waendelee. Silisemi hilo nisifiwe. Kazi ilikuwa lazima ifanywe, na mkubwa alikuwa mimi.

Kutoka studio nilikwenda kituo kimoja cha televisheni hapa Lubumbashi, nikawa mvuta nyaya chini ya uongozi wa Chef wa Programu. Huyo alikuwa mkali kuhusu ruhusa. Hukupiga picha soko bila kumwona mkuu wa soko, wala kaburi bila kuwaona wenye marehemu. Alizoea kusema, "Kamera bila ruhusa iko bwizi. Na mwizi wa sura haifungwe, njo maana anarudilia." Nilikaa naye hadi kituo kilipofungwa milango kwa kukosa pesa.

Baadaye nyumba moja ya mjini inayotengeneza filamu ilinichukua, na huko ndiko nilikopewa cheo nilichozeeka nacho: régisseur, yaani yule anayeandaa kila kitu kabla kamera haijawashwa. Watu waliniita Mama Régie. Kampuni zilikuwa zimeanza kutaka filamu za kujitangaza, za dakika tatu au nne hivi: lori linang'aa, mfanyakazi anatabasamu, mwishoni jina la kampuni. Ninyi mnaoziona mnadhani zinatengenezwa siku ya kupiga. Sivyo. Siku ya kupiga ni mavuno tu. Kabla yake kuna repérage, kwenda kukagua mahali: jua linaingia upande gani, jenereta itawekwa mbali kiasi gani ili kelele isiingie kwenye sauti, nani ana ufunguo wa choo. Kuna feuille de service, karatasi inayomwambia kila mtu afike wapi, saa ngapi, amevaa nini. Na kuna raccord. Raccord ndiyo iliyonifundisha uchungu wa kazi hii, kwa hiyo nitaieleza vizuri.

Filamu haipigwi kwa mfuatano. Mwisho unaweza kupigwa Jumatatu na mwanzo Alhamisi. Lakini mtazamaji ataona mtu mmoja katika siku moja. Kwa hiyo shati lililokuwa na vifungo viwili wazi libaki hivyo, ndevu zisikue, nywele zisikatwe. Kulinda mwendelezo huo, ndiyo raccord, ilikuwa kazi yangu.

Kampuni moja ya malori, inayobeba shaba kutoka migodi ya upande wa Kinsevere hadi mpakani, ilitaka filamu. Mkurugenzi wao wa Mawasiliano alikuwa kijana mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alitaka dereva wa kweli, si mwigizaji. Tukapiga picha za majaribio za madereva wengi, wenye kampuni walioko nje wakamchagua Mumba.

Mumba alikuwa na uso ambao taa zinaupenda. Mama yake aliwahi kuuza samaki wakavu wa Kasenga na kumlea kwa biashara hiyo bila baba. Alikuwa dereva wa kubahatisha, anaitwa siku lori likikosa mtu, hana mkataba. Mkurugenzi alimwahidi mbele yangu kwamba filamu ikiisha ataandikwa kazi ya kudumu. Mumba hakuuliza mshahara. Aliuliza, "Na hospitali ya kampuni? Batoto nabo banaingia?" Binti yake mdogo alikuwa mgonjwa wa SS, selimundu, ule ugonjwa wa damu unaovunja mifupa ya watoto kwa maumivu. Mkurugenzi akajibu ndiyo, watoto wanaingia.

Mvua zilikuwa karibu, nikashauri tupige mapema sehemu ya nyumbani: Mumba anaamka, anakula na watoto, anatoka kwenda kazini. Tuliipiga Jumatano, kichwa wazi, nywele zake fupi nyeusi zimechanwa vizuri. Sehemu ya lori tuliiweka Jumatatu. Ijumaa mama yake akafa.

Niliupata ujumbe nikiwa nahesabu sahani za chakula cha wafanyakazi. Jambo la kwanza lililonijia, na hivyo ndivyo kazi inavyomfanya mtu, ni kwamba atanyolewa. Kwao, mama akizikwa, watoto wake wote wananyolewa kichwa siku ileile, na ndugu wa mama ndio wanaoshika wembe. Nilikwenda kwa Mkurugenzi.

"Tumvalishe kofia," nikasema.

"Mama Régie, balimuchagua juu ya uso. Kofia inaufunika."

"Basi tusogeze siku."

"Lori iko yetu Jumatatu tu, kisha inarudi ku barabara. Na kamera za kukodi zinarudi Zambia Jumanne." Akaangalia mikono yake. "Akinyolewa, hatafanana na ile ya Jumatano, na kwake kuko kilio, hatuwezi kupiga tena kule. Tutachukua dereva mwingine na kurudilia yote. Na ile nafasi ya kuandikwa itaenda na huyo mwingine. Siko mubaya, mama. Nafasi iko moja. Umwambie weye, anakusikia."

Nikaenda kilioni. Bashi, turubai la msiba, lilikuwa limetandwa juu ya barabara, matawi ya mchikichi yamewekwa njiani kuwaonya wenye magari, wanawake wanaimba. Dada mkubwa wa marehemu, ambaye wote walimwita Mama Mukubwa, aliniangalia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Weye njo wa kamera?"

"Njo mi, mama. Pole sana."

"Ulikuja kulia, ao ulikuja kupima mwangaza?"

Wanawake wakacheka, wale wale waliokuwa na machozi. Nilikaa nikalia kwanza, maana nilikuwa nimemfahamu marehemu siku ile ya Jumatano. Alitupikia bukari, ugali wetu, na samaki, akakataa kabisa kuondoka mbele ya kamera, ikabidi tumwombe. Baada ya muda ndipo nikasema lililonileta. Nikaeleza ahadi ya mkataba na hospitali ya mtoto. Nikasema kwamba siku hizi mjini familia nyingi zinakata nywele kidogo tu, nyuma ya sikio, kama alama, na padri hakatai.

"Nyuma ya sikio!" Mama Mukubwa akapiga makofi mara moja. "Mudogo wangu alimubeba huyu ku mugongo, hakumubeba ku sikio. Tutamunyoa kichwa yote. Kama kampuni inataka nywele, iende ku salon."

Mumba alinivuta pembeni, karibu na ndoo za maji. Macho yake yalikuwa makavu.

"Yaya," akaniita, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "unaniambia nini weye?"

Nikamwambia nimeleta maneno ya pande mbili, na kichwa ni chake. Nilikuwa nimewazika baba na mama, nikawanyoa wadogo zangu wanne kwa mkono wangu kwa sababu hakukuwa na shangazi wa kufanya hivyo. Nilijua uzito wake. Nilijua pia bei ya damu ya kuongezewa mtoto.

Aliangalia kule walikokuwa wakimlilia mama yake, akasema, "Mayo amekwisha kufa. Mutoto, ye anakufa kila mwezi."

Jumapili tulizika. Tuliporudi, watoto wa marehemu walikaa chini kwa mstari, na Mama Mukubwa akapita na wembe na bakuli la maji ya sabuni. Alimaliza kwa binti wa kwanza, akamaliza kwa wa pili. Alipomfikia Mumba, Mumba akainuka. Akaenda kusimama kando ya ukuta. Wajomba wakaanza kupiga kelele, mmoja akamshika mkono kwa nguvu.

"Mumuache," Mama Mukubwa akasema. "Ile kichwa haiko tena yetu. Iko ya kampuni."

Jumatatu Mumba alifika kabla ya saa iliyoandikwa kwenye feuille de service. Macho yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi, binti wa vipodozi akayakanda kwa vijiko baridi. Nilikuwa nimeandaa kila kitu: lori limeoshwa, jenereta nyuma ya ghala, akiba ya mafuta, walinzi wawili wa kuzuia wapita njia. Mumba alipaswa kukaa kwenye usukani, kugeuka na kusema sentensi moja iliyoandikwa na ofisi ya Mkurugenzi: "Hapa nilipata kazi, nikapata na familia." Niliiona sentensi hiyo wiki mbili kabla, na sikuwa nimeona ubaya wowote ndani yake.

Aliisema mara moja, sawasawa, na tabasamu.

"Coupé!" mpiga picha akapaza sauti akizima kamera. "Iko bien! Hatutarudilia."

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akafuta jasho. Mumba akashuka polepole akaja nilipokuwa nakunja nyaya.

"Yaya, imeisha kabisa? Hamutahitaji tena?"

"Imeisha."

"Basi uninyoe."

Tukaenda nyuma ya ghala. Nilichukua wembe kwenye sanduku la vipodozi na maji kwenye chupa ya kunywa, nikamnyoa kama nilivyowanyoa wadogo zangu, kuanzia kisogoni. Alilia wakati huo, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha tukapanda teksi kwenda kilioni pamoja.

Pale kwenye kilio, wenye msiba wanakaa chini kwenye mikeka, na wageni wanaokuja kutoa pole wanapewa viti vya plastiki. Mumba alivua viatu, akasogea kuelekea mkeka wa ndugu zake. Mama Mukubwa aliangalia kile kichwa kipya, chenye damu kidogo juu ya sikio ambapo wembe wangu ulimkata. Akageuka akawaambia wasichana, bila hasira yoyote:

"Mugeni amefika. Mumupatie kiti."

Kampuni ilitimiza ahadi. Mumba aliandikwa, na binti yake akaanza kutibiwa. Nasema hivi kwa sababu watu wakinisikia wanangoja niseme kwamba walimdanganya. Hawakumdanganya.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi, hadi magoti yakakataa ngazi. Sasa nakaa nyumbani, mtaa wa Kenya wa hapahapa Lubumbashi, na vijana wananijia na kamera zinazoingia kwenye mkoba wa mkono na ile mashine yao inayoruka kama nyuki. Wananiuliza, Mama Régie, tunaanza kuandaa nini? Nawajibu kwamba tulikagua kuta, tukakagua jua na umeme, na mtu tukamkagua kwa sura tu. Kaa naye kwanza, ujue nani anamtegemea na yeye anamtegemea nani. Kisha weka siku za akiba, hata mteja akinung'unika. Wanaandika. Siwaambii kwamba hilo lingetosha, kwa kuwa hata ningeyajua yote, yule mama angekufa Ijumaa ileile, na nafasi ingebaki moja.

Mwaka jana Mama Mukubwa naye alikufa. Mumba alinipigia simu kuuliza kama aende, kwa kuwa hakuna aliyemtumia habari. Aliisikia kwa dereva mwenzake. Nikamwambia anipitie nyumbani, tutaenda wawili.

Tulipofika kilioni, kijana mmoja alikuja mbio na viti viwili. Mimi nilichukua kimoja. Mumba alipita pembeni ya kile kingine, akavua viatu, akaenda akaketi mwisho wa mkeka, nusu yake juu ya udongo. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna pia aliyemsogezea nafasi. Alikaa vile hadi asubuhi.