Aliyetazama Kamera

Siku Silima alipomtia machoni mara ya kwanza, Conchesta alikuwa amechutama akipunguza upepo kwenye magurudumu ya baiskeli ya Silima.

"Shikamoo, baba. Yakijaa sana, picha itarukaruka."

Silima, mtu wa haya, aliitikia marahaba basi. Binti akapanda keria kinyumenyume, kamera begani, naye Silima akashika usukani, akaivuta baiskeli polepole. Nyuma yao wanawake wa Pujini walifuata wakiimba na kupiga makofi. Redio iliuchapuza wimbo mara mbili ya kasi yake. Baadaye picha ingepunguzwa mwendo, midomo ikalingana na maneno, na kanga zikaelea.

"Wimbo huu, au twafukuzwa na nyuki?" aliuliza Time, mkewe Silima. Wenzake hawakuwa na mbavu.

Conchesta alikuwa mtoto wa karani kutoka bara. Alipanga chumba kimoja Chake Chake, akihariri video za harusi na za waimbaji. Mlango wake ulikuwa wazi kutwa, lakini asiye na kazi hakupiga hodi.

Masika yaliyofuata Time alifariki. Silima hakuwa na kumbukumbu yake nyingine ila ile video, na humo alimwona akielea kama moshi wa ubani. Mara tatu alifika mlangoni kwa Conchesta, akageuka. Mara ya nne binti alimwahi.

"Baba Silima, hodi haiuzwi. Ingia."

"Yule siye Time," alisema, macho sakafuni. "Time hakuwa na mwendo wa pole vile. Nataka nimwone alivyokuwa."

Conchesta akachomeka kanda yenyewe, ile isiyohaririwa. Time akaja kwa mwendo wake, kofi juu ya kofi. Halafu akainua uso, akatazama moja kwa moja, akacheka.

"Hapa nilikata," alisema Conchesta. "Niliwaonya wote, anayetazama kamera anaharibu."

"Hakutazama kamera."

Conchesta alikumbuka nani alikuwa ameshika usukani nyuma ya mgongo wake. Akairudisha kanda. Wakatazama tena, na tena.

Baada ya mwezi baba yake Conchesta alihamishwa bara, naye binti akawa wa kumfuata. Silima alimkuta Conchesta akifunga masanduku. Alitaka kumuuliza kama atarudi, haya zikamshika. Conchesta akamtia mkononi diski ya ule wimbo.

"Baba Silima, safari hii sikumkata."