Shubiri za Mwalimu

Mwalimu wa darasa la kwanza pale Makongeni hakutaka watoto waanze na rula. Walipima kwa vitu vya nyumbani: vijiko, magunzi ya mahindi, viberiti vitupu. Yeye alipima kwa shubiri, tangu ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, na kila Januari alianza na meza yake, akihesabu kwa sauti nyembamba kama anayebembeleza mtoto mchanga. Meza ilikuwa shubiri tano kamili. Ilikuwa hivyo tangu mwaka wa sabini na moja.

Januari moja, miaka mingi baadaye, alifika tano na meza haijaisha. Akarudia kutoka upande wa dirisha. Sita. Akainama kutazama miguu ya meza, asielewe. Nani aliibadilisha wakati wa likizo?

“Labda imekua, Mwalimu,” akasema Nasike, aliyeketi mbele.

Hakuna aliyecheka, wao wenyewe walikuwa wakikua. Mwalimu akautanua mkono tena, akautanua mpaka akajiuma mdomo. Kidole cha mwisho kilikataa kunyooka. Vifundo vilikuwa vimevimba, naye kwa miezi mingi alidhani ni baridi ya asubuhi tu. Akasimama pale, hajui autazame mkono au meza.

“Nasike, njoo upime wewe.”

Mtoto akapima taratibu. “Nane.”

Mwalimu akaandika nane ubaoni, na pembeni jina la Nasike. Chini yake, baada ya kitambo, akaandika sita na jina lake mwenyewe.