Nta Ilale Kwanza

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua, Mlima Meru umejifunika mawingu mpaka shingoni, nami nimekaa maabara mjini Arusha natazama nta ikiyeyuka. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mwanangu, na kwa kujua kila kitu hakuna aliyenifikia. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Kazi yetu ilikuwa kupima nta ya nyuki. Unaiyeyusha kidogo, unaivuta ndani ya mrija mwembamba wa kioo, unaiacha igande. Kisha unaufunga mrija ubavuni mwa kipimajoto na kuvitia kwenye maji yanayopashwa moto polepole. Unatazama. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea, mpaka unasahau kama uko kazini. Halafu ule weupe unalegea, unang'aa, nta inakuwa kama chozi. Ikiwa safi, hapo utasoma nyuzi kama sitini na tatu. Ikichanganywa na nta ya mishumaa, huyeyuka mapema. Hata leo nikifumba macho nauona ule weupe ukiondoka, na moyo unatulia.

Siku hiyo Mama Anaeli aliteremka kutoka mashamba ya juu ya Usa River na bonge lake la nta. Kikundi chao cha wafuga nyuki kilikuwa na sheria moja: ukichanganya nta, unatolewa. Wenzake walishaanza kunong'ona, ndiyo maana akaileta mwenyewe ipimwe. Nilipomuuliza maswali alinijibu kwa mkato, macho yanakwepa, mikono inatetemeka. Nikajisemea, huyu ana lake. Nikajaza mirija miwili, mmoja nikautia kwenye friji kama utaratibu ulivyotaka, wa pili, kwa haraka yangu, nikaupima palepale, ungali na uvuguvugu. Hamsini na tisa.

"Mama, nta hii imechanganywa," nikamwambia, nikampa karatasi ya majibu.

Aliifunga karatasi kwenye pindo la kanga, akatoka kwenye mvua.

Kesho yake Mzee Shabani, mkuu wetu wa maabara, akasoma daftari langu.

"Nta ililala?"

"Haikulala, mzee. Niliona wazi kwamba..."

"Uliona nini? Nta iliyotoka motoni sasa hivi bado haijajishika. Inalala siku nzima kwenye ubaridi, ndipo uipime. Hilo nilikufundisha wiki ya kwanza."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea. Tukangoja siku itimie, tukautoa ule mrija wa kwenye friji, tukaupima bila haraka. Sitini na tatu. Nililia, mwanangu, sikufichi.

Jioni hiyo hiyo nilipanda kwa Mama Anaeli na karatasi mpya. Uani nikakuta viti vya msibani havijarudishwa. Mumewe alikuwa amezikwa siku nne nyuma. Kumbe mikono ile ilitetemeka kwa uchungu, nami nikaiita udanganyifu. Nikamweleza yote, mpaka habari ya nta kulala, nikaomba msamaha. Alipokea karatasi.

"Hii nitawapelekea wenzangu," akasema. "Lakini wewe, binti, niache nipoe kwanza. Nikikujibu leo nitakujibu vibaya. Rudi Jumamosi."

Nilirudi Jumamosi. Akanikaribisha chai, na jina lake likabaki kwenye kikundi.

Sasa wewe umeniambia asubuhi kwamba rafiki yako umemfuta kabisa, kwa maneno aliyokurushia siku ya kumzika mama yake. Nisikilize. Mtu aliyetoka motoni usimpime siku hiyo. Mwache apoe, ajishike, halafu nenda ukamsikilize upya. Na ukishaona ulikosea, panda mwenyewe mpaka kwake ukaseme, na yeye pia mpe siku zake.

Mungu akujalie mkono usio na haraka, mwanangu. Na siku utakapotoka motoni wewe, akupe watu wa kukusubiri.