Kochi la Spring Valley na Kucha Kumi

Kwanza ujue kwamba Fidel Ogutu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hasira, na hayo ni mambo mawili tofauti, ijapokuwa mkewe Maurine alizoea kusema kwamba ukiishi nayo chumba kimoja hiyo tofauti huioni. Alitoka Ugenya akiwa kijana, akajifunza kushona makochi Gikomba, akagombana na bosi wake. Akahamia kwa mafundi wa Ngong Road, akagombana na wote kwa mkupuo. Mwishowe akajijengea kibanda chake kando ya Naivasha Road, Riruta, ambako hakubaki na mtu wa kugombana naye ila wateja.

Na wateja walivumilia. Kwa nini wasivumilie? Kochi la Ogutu lilikuwa kochi. Ukikaa halilii, ukisimama halibonyei. Kitambaa alikikata bila chaki. "Jicho langu ndiyo futi," alisema, na ukimletea futi alikutazama kana kwamba umemtukania mama.

Lakini alikuwa na tabia moja. Fundi mwingine akiletewa kochi lililochanika hufungua kifuniko polepole, pini kwa pini, akikisoma: hapa kimelegea, hapa kimelika, hapa mtoto alimwaga uji. Ogutu hakusoma chochote. Alikishika kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye ubao, akavuta mpaka pini zikaruka ukutani, kisha akakitupa nje akitukana. Alifurahia sana sehemu hiyo ya kazi.

Sasa sikia yaliyompata kwa kochi la Spring Valley.

Mwenye kochi aliitwa Aqil, mtu wa Mombasa, mwenye duka la mazulia mjini Nairobi na nyumba Spring Valley, mtaa wa wenye nacho. Alikuwa mpole wa maneno, upole ule unaokera mtu mwenye hasira zake. Ogutu alimtengenezea kochi la watu watatu, velveti ya kijani, la kupendeza haswa. Baada ya miezi minne mgongo wa kochi ukachanwachanwa, nyuzi zikaning'inia kama ndevu za mbuzi. Hapo hapakuwa na ubishi, ni paka. Paka mwenyewe alionekana akinyoosha makucha pale pale, mchana kweupe, bila haya. Ogutu akalivisha kochi upya, akanung'unika, akaenda zake.

Miezi miwili baadaye simu ikalia.

"Fundi, limechanika tena," akasema Aqil. "Safari hii ni mkono wa kochi."

"Ni paka."

"Lakini hujaliona."

"Niione ya nini? Uko na paka, uko na kochi. Unataka nani mwingine, mimi?"

Alifika Spring Valley akiwa amefura. Hakusalimia vizuri. Alikwenda moja kwa moja kwenye kochi, akakamata kile kifuniko, mguu kwenye ubao, mraruo mmoja, kwisha. Akakikunjakunja na kukitia guniani.

"Sikiza, bwana Aqil. Mimi si mtu wa kushonea paka nguo! Nashona hii, lakini ikiraruka tena usiniite. Chagua. Kiti ama hiyo paka."

Aqil alikuwa amechoka na kochi, amechoka na kelele. Akasema, "Sawa. Hii ndiyo ya mwisho. Kikichanika tena, paka anaondoka. Kuna bwana mmoja, Norman, ana shamba huko nyuma ya Karen. Atamchukua akawinde panya ghalani."

Hapo ndipo Ogutu alipomtazama kwa mara ya kwanza mama aliyekaa mkekani karibu na dirisha, paka mapajani. Alikuwa Bi Ummulkheir, mamake Aqil. Alipofiwa na mumewe, mwanawe alimtoa Mombasa akamleta huku, miaka miwili sasa. Aqil hutoka asubuhi na kurudi jioni. Majirani wako nyuma ya kuta na nyaya za umeme. Spring Valley ina miti mingi na salamu chache, na mama wa watu kutwa nzima hakuwa na wa kuzungumza naye ila huyo paka, Zumaridi, aliyesafiri naye kwenye kikapu tangu Mombasa.

"Huyu nikisema huniitikia," alisema Bi Ummulkheir, polepole, kama anayejisemea. "Mkimtoa yeye, nitasema na nani? Na ukuta?"

Ogutu alishikwa na huruma, na huruma ikamwongezea hasira. Nani alimwomba huyu mama kuongea? Alibeba vifaa vyake akaondoka bila kuaga.

Siku mbili tatu zikapita. Bi Ummulkheir hakulala juu ya jambo lile. Mjukuu wake Salme, aliyekuwa akisoma ng'ambo, alimweleza kwenye simu kwamba kuna vikofia vya plastiki, vidogo mno, vinavyogundishwa juu ya kucha za paka. Akikwaruza, hakwaruzi kitu. Aqil alicheka, lakini mama ni mama. Akavitafuta, akavipata kwenye duka moja la vitu vya wanyama huko Karen, rangi ya waridi, na kichupa cha gundi ndani ya kisanduku.

Ogutu alipoleta kifuniko kipya na kuonyeshwa vile vikofia, aliangua kicheko kibaya.

"Yawa! Paka kuvaa kucha bandia kama bibi harusi? Mimi nilidhani nimeona yote hii Nairobi."

"Nani atamvisha?" akauliza Aqil. "Mimi siwezi. Nikiona damu tu naanguka."

"Mikono yangu inatetemeka," akasema Bi Ummulkheir. Akamtazama Ogutu. "Gundi ni kazi ya fundi. Ama nimekosea?"

Ogutu angeweza kubisha mambo mengi, lakini hilo alishindwa. Akatoa mkebe wake wa gundi ya kazini, ile inayoshika sponji na ubao mpaka kiama.

"Ewe baba, utamuua!" Bi Ummulkheir akaruka. "Gundi yake imo kisandukuni. Hiyo yako bandikia mbao."

Basi wakamfunga Zumaridi ndani ya leso, kikabaki nje kichwa na mguu mmoja wa mbele. Mama akamshika huku akimsomea maneno ya kumtuliza. Ogutu akabonyeza kidole cha paka taratibu, kucha ikachomoza, akaikata ncha kidogo, akatia tone la gundi ndani ya kikofia, akakivisha, akahesabu mpaka thelathini. Kimoja. Halafu cha pili. Mguu huu vitano, mguu ule vitano. Kazi ya kucha kumi ilimla saa nzima na mikwaruzo mitatu mkononi, na kila mkwaruzo alijibu kwa maneno ya Kijaluo ambayo ni bora hayakueleweka humo ndani. Zumaridi alipoachiliwa alitembea akiinua miguu juu juu, kama aliyekanyaga maji, akajilamba, akasahau.

Kisha Ogutu akavisha kochi. Kwa hasira yote iliyombakia alikivuta kitambaa hasa, kikakaza kama ngozi ya ngoma, akapiga pini. "Haya," akasema, "sasa tuone."

Kifuniko kiliona siku kumi na tisa tu.

Simu ya tatu ilimkuta anakunywa chai kibandani. Mkono uleule wa kochi ulikuwa umepasuka. "Vikofia havikusaidia," akasema Aqil. "Norman yuko njiani kumchukua paka. Nimekupigia ili tu ujue ulikuwa na haki."

Je, mtu akiambiwa ana haki si hutulia? Si Ogutu. Chai aliimwaga. Mara tatu! Kazi ya mikono yake, mara tatu, na mnyama wa kilo nne! Alipofika Spring Valley pikapu ya Norman ilikuwa langoni, na kikapu kimewekwa tayari mlangoni. Aqil alikuwa nje akizungumza na mgeni wake. Ndani, Bi Ummulkheir alikuwa amesimama katikati ya sebule na paka kifuani.

"Niliwaambia! Si niliwaambia?" Ogutu aliingia akipiga kelele. Akakamata kifuniko, mguu kwenye ubao.

"Usikirarue!"

Ogutu akashtuka. Yule mama hakuwa amewahi kuinua sauti mbele yake.

"Mara mbili umekuja ukararua, ukatia guniani, hukutazama. Leo utatazama. Wataka kumhukumu? Mhesabu kucha kwanza."

Akamnyooshea paka. Ogutu akamshika mguu mmoja, akabonyeza vidole, kimoja kimoja. Vitano. Mguu wa pili, vitano. Vikofia vyote kumi vilikuwa mahali pake, vya waridi, vizima, hata kulegea havijalegea. Alivigundisha vizuri mno.

"Atakuwa ametumia ya nyuma," akasema.

"Paka hakwaruzi kiti kwa miguu ya nyuma, mwanangu. Wewe hula kwa miguu?"

Ogutu akapiga magoti mbele ya kochi kwa kishindo, ili tu amalize ubishi. Akachukua bisibisi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, akafungua kifuniko pini kwa pini.

Hakukuwa na nyuzi zilizovutwa. Kitambaa kilikuwa kimelika, kikawa chepesi, kisha kikakatika katika mstari mmoja ulionyooka, toka mbele ya mkono wa kochi mpaka nyuma. Paka gani duniani anakwaruza mstari ulionyooka hivyo? Akaingiza kidole chini ya sponji, akapapasa ubao. Ukingo ulikuwa mkali kama kisu. Haukupigwa randa, haukupitishwa msasa. Kila jioni Aqil alipoegemeza kiwiko hapo, velveti ilisagika kati ya kiwiko na ule ukingo, na kadiri Ogutu alivyozidi kuikaza ndivyo ilivyozidi kukatika upesi.

Akaikumbuka siku yenyewe. Seremala wake Joash alichelewa, wakatupiana maneno, akamfukuza kabla hajamaliza fremu. Kisha yeye mwenyewe, kwa ghadhabu, akabandika sponji juu ya ubao ule ule akafunika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hakuna mwingine aliyeuona ukingo ule. Sponji ikirudi, basi. Angesema kikofia kimoja kilikuwa kimelegea, na nani angebisha? Paka angeingia kikapuni, kochi lingepigwa randa kimyakimya kibandani, na jina la Ogutu lingebaki jina. Alihisi hasira ikipanda, hasira yake ya siku zote, ikitafuta wa kumrukia. Ilimtafuta Joash, lakini Joash hakuwapo. Ikatafuta kiwiko cha Aqil. Mtu aulizwe kwa nini anaegemea kochi lake? Ikamtafuta paka, na paka alikuwa anajilamba. Ikakosa pa kwenda. Ikarudi.

"Ni mimi!"

Alipiga kelele mpaka Aqil akaingia mbio na Norman nyuma yake. "Fundi, kuna nini?"

"Ni mimi, nasema! Hii mbao sikuipiga randa. Ndiyo imekula kitambaa. Ile ya pili ni mimi, na hii ya tatu ni mimi. Paka aliharibu ile ya kwanza peke yake, na hiyo nishamsamehe! Weka mkono hapa. Weka!"

Aqil akaweka mkono. Akautoa upesi, akakitazama kidole chake, kisha akageuza uso.

"Kwa hiyo miezi yote hii," akasema kwa upole wake ule, "umekuwa ukija kunipigia kelele nyumbani kwangu."

"Ndiyo."

"Mbele ya mama yangu."

"Ndiyo!"

"Nitawaambia hivyo wale majirani niliowapa namba yako."

Hilo lilimchoma. Nusu ya wateja wake walikuwa wa mitaa ile. "Waambie," akasema.

Norman akaokota kikapu chake kitupu akaenda zake. Ogutu akavuta pumzi, akatoa randa kwenye mfuko. Alidhani limekwisha.

"Bado," akasema Bi Ummulkheir. "Mtoe vikofia."

"Havitoki, mama. Ukivivuta utamng'oa kucha. Vinangoja kucha ikue, vianguke venyewe. Wiki mbili, tatu."

"Kwa hiyo atatumikia kifungo, na kosa si lake." Mama akaketi mkekani na kumpakata paka, sasa wakawa wanatazamana na fundi aliyepiga magoti, macho kwa macho. "Kwetu mtu hamdhulumu paka kisha akaondoka hivi hivi. Mtake radhi."

"Nani?"

"Uliyemsingizia."

"Mama," akasema Aqil, "paka hajui lolote."

"Fundi anajua."

Ogutu alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kwa bosi wa Gikomba hakuomba radhi. Kwa mafundi wa Ngong Road hakuomba. Kwa Maurine, aliyemzalia na kumvumilia, neno hilo lilikuwa halijawahi kumtoka. Akamtazama yule paka na vile vidude vyake vya waridi, akaona uso unamwaka.

"Nisamehe!" akabweka, kama anayedai.

Zumaridi akalaza masikio.

"Umemtisha," akasema Bi Ummulkheir. "Tena. Bila hasira."

Ile ya pili ilichelewa. Aqil akageukia dirisha, kwa heshima. Ogutu alifungua mdomo, akaufunga, randa mkononi, na alipoufungua tena sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, imekwaruza, na maneno yenyewe yalikuja kwa Kijaluo, jinsi alivyofundishwa kusema na mamake alipokuwa mtoto. Alisema mengi zaidi ya alivyoagizwa. Alipomaliza alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanamcheza.

Bi Ummulkheir hakujua neno hata moja la Kijaluo. Alingoja mpaka fundi akanyamaza kabisa.

"Hapo sasa," akasema, akamwachilia paka ashuke.