Wanja, Mutuma na Trela ya Mwirigi

Wanja alikuwa na mazoea ambayo yalikuwa yamemchosha hata yeye mwenyewe. Kila mara mtoto wake alipolala, alimwekea mgongo wa kiganja chini ya pua ili asikie pumzi. Alifanya hivyo nyumbani kwao Meru, alifanya hivyo kanisani, na asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa akifanya hivyo kwenye kiti cha nyuma cha pikapu, huku barabara ya kwenda Embu ikijipinda katikati ya migomba na mashamba ya kahawa.

"Amelala tu, Mama Mutuma," mume wake Mwirigi alisema, akimtazama kupitia kioo.

"Najua amelala."

"Basi pumzika na wewe kidogo."

Mtu anapumzikaje na trela inagonga hapo nyuma kama mtu anayebisha hodi?

Mutuma alizaliwa kabla ya siku zake. Wiki za kwanza alizimaliza ndani ya sanduku la kioo lenye joto, mirija puani, na Wanja akakaa kando yake kwenye kiti cha plastiki, akiogopa hata kupiga chafya. Sasa mtoto alikuwa na miezi tisa, mashavu yamejaa, meno mawili yameshatokeza. Lakini kila mara mama yake alipofumba macho alimwona vile vile alivyokuwa, mdogo kama kifaranga. Tangu watoke hospitalini hakuwa amempeleka popote nje ya mji wa Meru. Kazi yake ya ukarani kwenye ofisi ya maziwa alikuwa ameiacha. Wageni waliofika kumwona mtoto walinawa mikono mpaka wakaudhika, na mwenye kukohoa aliachwa mlangoni.

Mama yake mzazi, aliyekuwa Gachoka, upande wa Mbeere, alikuwa hajawahi kumshika huyo mjukuu. Magoti yalikuwa yamemgomea, hawezi tena safari ndefu. Kila alipopiga simu, Wanja alikuwa na sababu. Mara ni baridi, mara ni mvua, mara kuna mafua mtaani. Siku moja Wanja akasikia kwenye simu kwamba mama analia.

Ndipo Mwirigi aliposema wataenda, na wataenda na trela.

Mwirigi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake ilikuwa karibu na soko la Gakoromone, na kazi yake ilikuwa mageti, madirisha, na trela za wakulima wa viazi. Hii moja ilikuwa tofauti. Ilikuwa na magurudumu mawili na kijumba cha mabati juu yake, kitanda kimoja ndani, mlango ubavuni, na kidirisha cha nyuma chenye kifuniko cha chuma. Ilikuwa imekaa karakanani miezi mingi bila kuuzwa, na Wanja hakuwahi kuuliza ni ya nani.

"Mama yako yuko kwa mazishi hapo jirani Siakago, atarudi kesho," Mwirigi alimwambia. "Leo tunalala kule kwa hifadhi, chini karibu na mto Tana. Kesho tunaenda kwake. Wacha huyu mtoto aone miti, aone nyani. Ameona kuta za kutosha."

Wanja alikubali kwa sababu ya machozi ya mama yake. Moyoni alimwona mume wake ni mtu asiye na wasiwasi hata kidogo, na jambo hilo lilikuwa limeanza kumuuma. Siku zile za hospitali, Mwirigi alikuja jioni, akasimama kidogo mbele ya kioo, akauliza kama kuna kitu kinatakikana, kisha akaondoka. Hakuwahi kumwona akilia. Mwingine angedhani alikuwa amekuja kusomea mita ya stima.

Walipofika kwenye mteremko wa Nithi, Wanja alishika kiti cha mtoto kwa mikono yote miwili. Hakuna mtu wa upande ule asiyejua habari za ajali za mteremko huo. Mwirigi alibadilisha gia, pikapu ikaguna, lakini trela ilikuwa na nia yake. Ilikuwa ikiwasukuma. Mkia wa gari ulianza kucheza, kidogo upande huu, kidogo upande ule, na lori lililokuwa nyuma yao likapiga honi.

"Inatusukuma," Wanja alisema.

"Naiona."

"Baba Mutuma, inatusukuma."

"Nimeiona, Wanja. Usiniongeleshe."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Mwirigi kumwita kwa jina. Wanja aliona shingo ya mumewe imelowa jasho. Daraja likaja, likapita chini yao, mlima ukawapokea upande wa pili na trela ikatulia kama mbuzi aliyechoka kuvutana na kamba. Mutuma alikuwa hajaamka. Wanja aligundua kwamba alikuwa ameuma mdomo wake wa chini mpaka ukatoa damu.

Kule juu Mwirigi alisimamisha gari, akashuka, akazunguka trela nzima akigusa kila kiungo. Aliporudi alisema iko sawa, ni mzigo tu aliukalisha vibaya, na ameshauhamishia mbele. Wanja alitaka kumwambia warudi. Lakini kurudi kulikuwa ni kuteremka Nithi tena, basi akakaza tu mkanda wa kiti cha mtoto.

Wakapita Embu mjini, wakaanza kushuka kuelekea nyanda za joto. Hewa ikabadilika. Migomba ikaisha, ikaja miiba na udongo mwekundu na mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma wakila majani. Pale Gachoka walipita mbele ya geti la mama, limefungwa kwa mnyororo, na Wanja akageuka kulitazama mpaka likapotea vumbini.

Askari aliyewapokea hifadhini aliitwa Njue, mwanamume mpole mwenye bunduki ya zamani begani. Aliwaonyesha uwanja wa kupiga kambi, penye mgunga mkubwa, choo, na bomba la maji lililokuwa mbali kidogo nyuma ya vichaka.

"Wanyama wako?" Wanja aliuliza.

"Wako, mama. Lakini saa hii ya jua kali wamejificha huko chini kwa mto. Chakula msiache nje tu."

Hawakuacha nje. Wanja aliingiza kila kitu ndani ya trela, pamoja na mkungu wa ndizi mbivu alioununua Gakoromone asubuhi, zile ndogo tamu, kwa ajili ya kumpondea mtoto. Joto likazifanya zinukie kama ziko jikoni. Mwirigi alichukua mtungi akaenda kuteka maji. Wanja akapanda trelani na mtoto, akafunga mlango kwa sababu ya nzi, akamlaza kitandani na kumpepea na leso.

Kwanza alisikia tawi likivunjika. Alidhani ni Mwirigi anatafuta kuni, na akataka kumwambia kwamba wana jiko la gesi. Kisha mwanga wa kidirisha cha nyuma, ambacho alikuwa amekiacha wazi apate hewa, ukazimika.

Kilichoziba kidirisha kilikuwa cha kijivu, chenye mikunjo na matope makavu. Kilisogea. Halafu akaona jicho, dogo, lenye kope ndefu, likitazama ndani bila haraka.

Alitaka kupiga kelele na sauti ikakataa, na baadaye alishukuru kwamba ilikataa. Ndovu alivuta pumzi, na ile pumzi ilisikika ndani ya trela kama upepo kwenye bomba. Mkonga ukaingia dirishani, ukapapasa ukuta, ukaangusha sufuria. Mutuma akafumbua macho. Wanja aliuona mdomo wake ukikunjika tayari kulia, akamnyakua, akamwekea ziwa kinywani. Mtoto akanyonya, huku akiutazama ule mkonga kwa mshangao, kama anavyomtazama mgeni yeyote.

Trela ikatikiswa. Si kwa hasira, bali jinsi mtu anavyotikisa mti kuona kama una matunda. Vyuma vilinung'unika, gurudumu moja likainuka na kurudi chini. Kupitia kipande kidogo cha wavu kilichokuwa mlangoni, Wanja alimwona Mwirigi. Alikuwa amesimama nyuma ya kichaka, mtungi umeanguka miguuni mwake na maji yanamwagika, mikono yote miwili kichwani. Akapiga hatua moja mbele. Wanja akamtikisia kichwa polepole. Akasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye Wanja hakuwahi kukutana naye.

Mkonga ulikuwa ukitafuta ndizi. Wanja alilielewa hilo ghafla, na alipolielewa akili ikamtulia kwa namna ya ajabu. Alimkumbatia mtoto kwa mkono wa kushoto, bado ananyonya. Kwa mkono wa kulia alichana chana moja ya ndizi, akaisukuma kuelekea dirishani. Mkonga ukaishika, ukatoka nayo. Mwanga ukarudi. Akachana nyingine, akasogea kwa magoti mpaka dirishani, akairusha nje kwa nguvu zake zote, mbali na trela. Akarusha nyingine. Ndovu akaigeukia, masikio yakipunga, akaifuata. Wanja akarusha mkungu wote uliobaki, akateremsha kifuniko cha chuma na kukifunga kwa komeo. Kisha akaketi sakafuni kwenye kigiza na mtoto wake, akisikiliza kutafuna.

Kulichukua muda wa mtu kupika chai na kuinywa. Halafu matawi yakavunjika tena, mbali zaidi, na mbali zaidi.

Mwirigi alifungua mlango. Aliwatazama, mmoja na mwingine, akawagusa vichwa. Njue alifika mbio na askari mwenzake, wamesikia kutoka kwa wafuga nyuki waliokuwa juu ya kilima. Aliposikia habari ya ndizi alijikuna kichwa.

"Mama, umebahatika. Lakini usiwahi kumpa tena. Akizoea, kesho atabomoa mlango wa mtu mwingine." Akaitazama trela, akagonga ubavu wake kwa ngumi. "Hii kitu imetengenezwa na nani? Imeshikilia."

"Ni yeye," Wanja alisema.

Waliwahamishia karibu na nyumba za askari, ndani ya ua wa nyaya, na matunda yote yakawekwa stoo. Jua lilikuwa bado juu. Mwirigi alijaribu kuwasha jiko la gesi, kiberiti kikamdondoka. Akajaribu tena, kikadondoka tena. Wanja aliitazama ile mikono, mikono inayoshika chuma cha moto siku nzima, inashindwa na kiberiti.

"Kaa chini," alimwambia. "Wacha, nitawasha mimi."

Alikaa. Akaanza kuzungumza akitazama ardhi.

"Unajua hii trela niliijenga lini? Wakati mko huko hospitali. Sikuwa nalala kwa nyumba. Nikitoka kuwaona, naenda karakana, nawasha mashine. Hakuna mtu alikuwa ameiagiza. Nilikuwa nachomelea tu. Nikimaliza kiungo naona hakitoshi, nakirudia. Vyuma vimewekwa humo vingeweza kubeba lori."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Wewe ndiye ulikuwa umekaa naye. Nikiingia pale na mimi nianze kulia, ungetushika wangapi?"

Wanja aliwasha jiko, akabandika maji. Alikuwa na hasira, na huruma, na kitu kingine kama aibu, vyote kwa pamoja. Miezi yote hiyo alikuwa amebeba hofu peke yake, akidhani ni mali yake. Kumbe ndani ya nyumba moja walikuwa wawili, kila mmoja amefunga mlango wake.

"Leo nimeona uso wako," alisema mwishowe. "Pale nyuma ya kichaka."

"Basi umeniona."

"Nilifikiri utakuja mbio ndovu akukanyage, nibaki na mtoto na trela."

Mwirigi alicheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu, kisha akajifuta macho kwa kofia yake. Alimpokea Mutuma, na Wanja akamwachia bila kumwambia amshike vipi.

Hawakuondoka. Njue aliwaambia wakitaka atawasindikiza mpaka barabarani kabla jua halijatua, na Wanja akashangaa kujisikia akisema watalala. Hakulala vizuri, huo ndio ukweli. Kila jani lililoanguka juu ya bati lilimwamsha. Lakini kila alipoamka alimkuta Mwirigi naye yuko macho, na wakanong'onezana mambo ya kawaida, bei ya mabati, mtoto wa jirani, hadi mmoja wao akasinzia.

Jumapili walipofika Gachoka geti lilikuwa wazi. Mama yake Wanja alikuwa amewekewa kiti mlangoni, na alipoona pikapu alijaribu kusimama, magoti yakakataa, akanyoosha mikono tu.

"Leta mtu wangu," alisema kwa Kimbeere.

Wanja alimweka mtoto mapajani mwake. Hakuuliza habari ya kunawa. Bibi alimgeuza huku na huku, akamhesabu vidole, akamnusa shingoni, kisha akamshusha chini kwenye vumbi, karibu na kuku. Wanja alipiga hatua mbele.

"Mwache," mama alisema. "Wewe pia nilikulea hapa hapa. Umekula nini, mbona umekonda hivyo?"

Mutuma aliokota konzi ya udongo mwekundu, akaitia mdomoni. Wanja aliizuia miguu yake mahali ilipokuwa. Mtoto akatema, akakunja uso, akaokota mwingine.

Majirani walikuwa wameanza kuingia. Mwirigi alikuwa ameshaanza kuwasimulia habari za ndovu, akionyesha urefu kwa mkono. Wanja alimwacha mtoto pale vumbini kwa bibi yake, akaenda jikoni kutafuta uji, kwa sababu mama yake alikuwa amesisitiza kwamba binti yake ale kwanza.