Mama Hakizimana Bombani

Mwanawe alipozaliwa dhaifu, Amandine alimpa jina la Hakizimana, ambalo kwa Kirundi ni kusema Mungu ndiye aponyaye. Sasa mtoto ana miaka minne na hajasimama hata siku moja, na pale kwenye bomba la maji la mtaa wa Ngagara jina lake limekuwa kichekesho.

"Mama Hakizimana," jirani yake Annick alimwita leo, "uyu Mungu yako ataponya lini? Ao alienda vakansi kupumzika?"

Wanawake wakacheka hadi maji yakamwagika. Mtoto naye, mgongoni, akacheka pamoja nao, kwa kuwa alisikia jina lake.

Mchungaji wa kanisa lake alimfundisha Amandine kuwajibu wenye dhihaka kwa upole, na siku zote alijibu, "Saa yake itafika." Leo neno hilo lilikataa kutoka, maana swali la Annick ndilo alilomuuliza Mungu kila alipopiga magoti.

"Mi pia sijui, dada," alisema. "Namuuliza, ananyamaza."

Kicheko kikakatika. Annick akamtwika ndoo taratibu, kwa huruma. Amandine akaondoka akilia. Dhihaka alishaizoea, lakini huruma ile ilikuwa kama ya msibani, ilhali mtoto wake yu hai mgongoni.