Musonoi: niliambiwa namlisha mume wangu sumu, kumbe ni kijiti cheusi cha kutafuna

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, ingawa nadhani humu hamfiki watatu. Mimi ni bibi kizee wa Kolwezi, huku Kongo, mjukuu ndiye kanifungulia akaunti. Nitakayosema ni kweli tupu. Wahusika wote wameshazikwa isipokuwa mimi, sina wa kumwogopa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa nimeolewa karibuni na Kabongo, mtu wa Kasai, mchimbaji hapo kwenye mgodi wa Musonoi. Mimi kwetu ni kaskazini ya Katanga. Mama yake hakuipenda ndoa hiyo, wala hakuficha.

Kabongo alivuta sigara kupindukia. Pasta akamwambia mvuta sigara habatizwi. Akaacha kweli, nampa hongera yake. Badala yake akawa anatafuna réglisse, vile vijiti vyeusi vitamu vya Wazungu vilivyouzwa kantini.

Baada ya miezi kadhaa akavimba.

Kwanza miguu, halafu uso. Kichwa kinauma, misuli haina nguvu, akipanda kutoka shimoni anapumzika mara tatu. Mchimbaji asiyeweza kupanda hana kazi, na asiye na kazi hana nyumba ya kampuni.

Mama mkwe akafika kwa treni. Akamtazama mwanawe, akanigeukia:

"We mwanamuke, unamulisha nini mutoto wangu?"

Akaninyang'anya sufuria, akapika mwenyewe wiki mbili. Mgonjwa hakupona. Akasema sumu yangu imeshaingia kwenye damu. Kwa mtu wa namna hiyo huna pa kushinda.

Sanduku langu likafungwa kamba. Kabongo asipopona narudishwa kwetu, tena na jina la mchawi. Niliogopa, sitawadanganya. Ilifika mahali naonja chumvi yangu mwenyewe kwa wasiwasi.

Tukampeleka hospitali sote. Muuguzi, Tata Mutombo (tata kwetu ni baba), akampima presha, akatikisa kichwa, akauliza:

"Tata Kabongo, unakulaka nini?"

"Bukari na samaki, njo bile tu," yaani basi, hakuna kingine.

Wakuu, kwetu kula ni bukari, yaani ugali. Ukishiba mikate na ndizi bila bukari, unaenda kulala unasema hujala. Kwa hiyo mume wangu hakudanganya. Hata mimi nilikuwa nimesimama pale na sikukumbuka kitu.

Bahati nzuri muuguzi alikuwa mtu wa hapahapa. Akauliza upya:

"Na mu kinywa, unatiyaka nini?"

"Ah! Réglisse. Lakini ile hapana chakula, Tata."

Daktari akaitwa. Akasema vijiti vile vinazuia chumvi na maji visitoke mwilini, aviache siku hiyohiyo. Zaidi ya hapo hakuwa na maelezo.

Maelezo nimeyapata uzeeni, kwa huyu mjukuu anayesomea udaktari. Mwilini kuna homoni inaitwa kortisoli. Ni nyingi, na ikifika kwenye figo inaweza kufanya kazi ya homoni nyingine, ile inayoamuru chumvi ibaki. Ndiyo maana figo ina kimeng'enya, enzyme, kinachoigeuza kuwa kortisoni, isiyo na nguvu hiyo. Réglisse inakizuia kimeng'enya hicho, ni kama kumlewesha mlinzi wa geti. Chumvi inabaki, presha inapanda, potasiamu inatoka na mkojo, misuli inalegea.

Turudi hospitali. Mama mkwe akamkazia macho mwanawe:

"Nani alikupatiya ile bintu?"

Kabongo akaniangalia kidogo, akajibu:

"Mi mwenyewe nilinunua."

Baada ya wiki chache uvimbe ukaisha, akarudi kazini. Mama mkwe akafungua kamba ya sanduku langu kwa mikono yake, akapiga magoti, akaniomba msamaha. Nikamwinua, nikasema yamekwisha.

Sasa wakuu, vile vijiti nilikuwa nanunua mimi. Kila Jumamosi, kantini, kwa sababu sikutaka arudie sigara. Mama wa watu alikosea sumu, mkono hakuukosea.

Sikumwambia mpaka anakufa.

Funzo: ukiulizwa hospitali unakula nini, taja kila kinachopita mdomoni, hata unachotafuna na kutema. Hilo halina ubishi. Ila yale magoti yake chini kwenye sakafu yangu bado yananiuma. Wenye mama wakwe, nisemesheni bila huruma: ninyi mngemwambia?